Likizo na Karatasi: Korongo, Mpira wa Vipande, au Mfuko wa Kaki?

Shule zikifungwa Lamu, asubuhi ya mtoto huishia chuoni, yaani madrasani, na jioni yake ufuoni. Kinachobaki ni ule mchana mrefu baada ya adhuhuri, jua limewaka na watu wamo ndani. Saa moja au mbili za wakati huo zinatosha kabisa kujifunza kukunja karatasi. Wazazi na dada wakubwa wanaosimamia watoto hukwama mahali pamoja: waanze na nini? Wengi hukimbilia ndege mzuri waliyemwona kwenye simu, mtoto akashindwa siku ya kwanza, na karatasi zikaishia kuwa za kuwashia jiko.

Njia tatu zinafaa kulinganishwa. Ya kwanza ni kukunja karatasi moja tu mpaka ikawa kitu, kuanzia kikombe hadi ndege aitwaye korongo. Ya pili ni kukunja vipande vingi vinavyofanana na kuviunganisha viwe mchemraba au mpira wa miba. Ya tatu ni kukunja na kugandisha mifuko ya karatasi ya kutiliwa vitu.

Mambo ya kupima kwanza

Anza na karatasi yenyewe. A4 nyeupe za fotokopi, zile za gramu 80, huuzwa kwenye maduka ya vitabu, na rimu moja ina karatasi 500. Kaki ya kufunikia madaftari nayo si ya kutafuta mbali. Karatasi maalumu za kukunjia, za mraba wa sm 15 na zenye rangi upande mmoja, usizisubiri. Yote yaliyomo humu hufanyika bila hizo.

Tazama kisha mkono wa mtoto na uvumilivu wake, halafu utazame hewa. Likizo ya Aprili huja na masika, na upepo wa kusi ndio unaanza. Ya Agosti bado ni kusi. Ya mwisho wa mwaka huingia na kaskazi, hewa ikiwa kavu zaidi. Karatasi hunywa unyevu, na iliyokunywa haishiki mkunjo: unaibana, unaiachia, inajifungua taratibu mbele ya macho yako.

Ila jambo la kupima kuliko yote ni kosa. Kila mtoto atakosea, na njia hizi tatu huachana hapo hasa. Katika karatasi moja, kosa la hatua ya pili huja kuonekana hatua ya ishirini, wakati mtoto ameshachoka. Katika vipande, kosa hukaa ndani ya kipande kimoja, nacho hutupwa bila kuharibu vingine. Katika mfuko, kosa huonekana papo hapo, lakini gundi imeshashika. Ukijua mtoto wako huyapokeaje makosa, umeshachagua nusu.

Karatasi moja: kutoka kikombe hadi korongo

Hii ndiyo origami yenyewe. Neno ni la Kijapani: *ori* ni kukunja, *kami* ni karatasi. Hakuna gundi, na mkasi ni wa kukatia mraba tu.

*Karatasi.* A4 moja hutoa mraba wa sm 21. Leta ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, kata utepe wa sm 8.7 unaobaki, na mraba umepatikana. Lakini uhakikishe. Ulalo wa mraba wa sm 21 una urefu wa sm 29.7, sawasawa na urefu wa A4 nzima. Kwa hiyo kunja mraba kwa ulalo, ulaze mkunjo huo kando ya upande mrefu wa A4 nyingine, kisha ufanye hivyo na ulalo wa pili. Zote mbili zikilingana na A4, mraba ni mraba. Mmoja ukizidi kwa milimita 2, kata upya, kwa sababu milimita hizo 2 zitakuja kuwa shingo iliyopinda na mabawa yasiyolingana. Karatasi ya gazeti haifai hapa: ni laini, na hupasuka kwenye kitovu ambapo mikunjo yote hukutana.

*Pa kuanzia.* Usianze na korongo, anza na kikombe. Kunja mraba kwa ulalo upate pembetatu, upande mrefu ukiwa chini, mbele yako. Shika karatasi ya juu peke yake, ulaze ukingo wake wa kulia juu ya ule upande mrefu wa chini, na ubonyeze kidogo tu pale mkunjo unapokutana na ukingo wa kushoto. Hiyo ni alama. Rudisha karatasi ilivyokuwa. Sasa chukua pembe ya chini ya kulia, matabaka yote mawili, uilete hadi kwenye alama; ukingo wake wa juu utalala sambamba na upande wa chini. Usipolala sambamba, alama ilikuwa mbaya, na ni rahisi kurudia. Geuza, lete pembe iliyobaki hadi kwenye kona ya mkunjo wa kwanza. Zimebaki ncha mbili juu: moja ikunje mbele, nyingine nyuma. Bonyeza kando, mdomo ufunguke. Tia maji: kitayashika dakika chache kabla hakijalowa, na mtoto aliyeona karatasi ikishika maji hahitaji tena kuambiwa aendelee.

Korongo huja baadaye, baada ya vikombe vitano au sita. Ana mambo matatu yanayowashinda wanaoanza. La kwanza ni mikunjo ya mwanzo: milalo miwili hukunjwa kuelekea juu, yaani mkunjo wa bonde, kisha karatasi hugeuzwa ndipo ikunjwe katikati kwa mapana na marefu. Ukikunja yote kwa upande mmoja, karatasi hukataa kujikusanya kuwa mraba mdogo, na mtoto huilazimisha mpaka ikafinyana. La pili ni ule mkunjo wa kuinua tabaka moja liwe mfano wa petali. Hapo lazima mikunjo ya kando iwe imeshabanwa kwa ukucha mbele na nyuma, la sivyo kingo hazitajua pa kuingilia. La tatu ni dogo lakini ndilo linalotenganisha korongo safi na aliyevimba. Unapopunguza upana wa shingo na mkia, usifikishe kingo hadi mstari wa kati kabisa. Acha mwanya wa nusu milimita. Mwanya huo ndio nafasi ya unene wa karatasi pale shingo itakaporudishwa ndani. Bila huo, karatasi hubanana na ncha ya kichwa hupasuka. Mwisho, usifungue mabawa kwa kuvuta ncha zake. Shika chini ya shingo na chini ya mkia, uvute polepole.

*Umri na muda.* Kikombe ni cha mtoto wa gredi ya 1 akisaidiwa. Korongo anafaa kuanzia gredi ya 4 hivi, na wa kwanza anaweza kula saa nzima. Akimkunja mara moja kila siku, siku ya nne au ya tano mikono huanza kukumbuka yenyewe.

*Kosa.* Hujificha. Ndiyo maana mtoto mwenye haraka huumia sana hapa.

*Hewa.* Mabawa hulegea wakati wa unyevu. Tunza karatasi kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko, na utoe zile za siku hiyo tu.

*Kinachobaki.* Ndege mmoja, na ufunguo wa kazi nyingine nyingi. Alama za michoro ya origami, mistari ya vikato kwa bonde na ya vikato na nukta kwa mlima (mkunjo wa kuelekea chini), zimetokana na kazi ya Mjapani Akira Yoshizawa (1911–2005), na leo zinasomeka hata kama maandishi ni ya lugha usiyoijua. Kwa mtoto anayependa simulizi, korongo huyu ana historia nzito ya kusimuliwa kwa utaratibu: Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima aliyeugua saratani ya damu miaka kadhaa baada ya bomu la atomiki, alikunja makorongo akiwa hospitalini mpaka alipofariki mwaka 1955, akiwa na miaka 12.

Vipande vya kuunganisha: mchemraba na mpira wa miba

Kipande kinachofaa kuanzia kinaitwa Sonobe, kwa jina la Mjapani Mitsunobu Sonobe. Ni msambamba mdogo wenye ncha mbili na mifuko miwili. Ncha ya kimoja huingia mfukoni mwa kingine, bila gundi. Vipande 6 hufanya mchemraba, 12 hufanya nyota ya piramidi 8, na 30 hufanya mpira wa miba wenye piramidi 20.

*Karatasi.* Hapa A4 inajilipa. Gawa urefu wake mara tatu, sm 9.9 kila sehemu, na kwenye upana pima sm 9.9 mara mbili. Unapata miraba 6, na kinachotupwa ni utepe wa sm 1.2 tu. Karatasi moja, mchemraba mmoja, wenye upande wa sm 3.5 hivi. Nyota ni karatasi 2, mpira mkubwa ni karatasi 5. Karatasi za rangi mbili au tatu hupendeza zaidi, na humsaidia mtoto kuona kipande kipi kimeingia wapi.

*Kukunja.* Kunja mraba katikati, fungua, leta kingo mbili hadi mstari wa kati, fungua tena. Kunja pembe mbili zinazotazamana kwa ulalo, ya juu kulia na ya chini kushoto, ziwe pembetatu ndogo hadi kwenye mikunjo ya robo. Rudisha kingo kati. Pembe mbili zilizobaki zikunje kwa ulalo hadi ukingo wa pili, uzichomeke chini ya tabaka lililo mbele yake. Geuza, kunja ncha mbili kali mpaka kati kubaki mraba, kisha, kwa nyota na mpira tu, kunja mraba huo kwa ulalo na uulegeze; kwa mchemraba uache bapa.

*Kosa.* Lipo moja kubwa: mkono. Ukianza na pembe ya juu kulia katika kipande cha kwanza, basi vyote vianzie hapo. Aliyeanza na ya juu kushoto ametengeneza kipande cha mkono mwingine, na hicho hakitaingia hata kikisukumwa namna gani. Hutokea sana watoto wawili wakikaa kutazamana, mmoja akiiga kama kwenye kioo. Wakae bega kwa bega. Anayejua kusuka ukili ataelewa upesi, maana huko nako mwelekeo ukigeuka katikati, kazi yote huonyesha.

Kosa jingine ni la hesabu. Kila piramidi ni vipande vitatu vinavyokutana. Kwenye nyota ya vipande 12, piramidi nne huzunguka kila nukta zinapokutana. Kwenye mpira wa 30, ni tano. Mtoto akifunga nne kwenye mpira, duara hubana na kufunga mapema. Akifunga sita, hukaa bapa kama sahani. Mwambie ahesabu kwa sauti kila anapofunga nukta. Kipande cha mwisho nacho hakichomekwi kwa nguvu: legeza jirani zake wawili kwanza, ingiza ncha zote mbili pamoja, ndipo ubane.

*Umri na muda.* Kuanzia gredi ya 3. Kipande kimoja, mkono ukishazoea, ni dakika tatu au nne, kwa hiyo mchemraba humalizika mchana mmoja. Mpira wa 30 ugawe siku tatu. Kasoro yake ni kuchosha: kipande cha kumi na tano ni kilekile cha kwanza. Mtoto anayetaka kitu kipya kila mara ataacha njiani. Ndugu watatu wakigawana kumi kumi, kazi huwa mashindano.

*Hewa.* Feni izimwe, maana vipande vyepesi hupeperuka. Unyevu hulegeza mifuko, na mpira uliofungwa asubuhi huweza kuachana usiku wa masika. Bana kila mkunjo kwa ukucha au kwa mgongo wa kijiko, na uuweke mbali na dirisha la upande wa bahari.

*Kinachobaki.* Pambo la kudumu. Kwenye nyumba za zamani za Lamu zenye zidaka ukutani, mpira wa ukubwa huu hukaa kama ulitengenezewa hapo.

Mifuko ya kaki

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Kenya, mfuko wa karatasi umekuwa na kazi kila nyumba: ubuyu, karanga, achari kavu, zawadi za Idi.

*Karatasi na gundi.* Kata kaki sm 40 kwa 30. Gundi ya unga inatosha: vijiko 2 vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji, vuruga mpaka mabonge yaishe, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi iwe nzito na kung'aa. Jiko ni la mtu mzima. Gundi hii huchacha baada ya siku mbili, kwa hiyo pika kidogo.

*Kukunja.* Leta kingo mbili fupi zipandane kwa sm 2, paka gundi, bana. Sasa una bomba bapa la upana wa sm 19. Kunja chini sm 7 kwenda juu, fungua sehemu hiyo kama mdomo, na ubane pembe mbili za kando ziwe pembetatu. Kunja mbawa ya chini sm 4 kwenda kati na ya juu sm 4 kwenda kati; kila moja itapita mstari wa kati kwa sm 1, hivyo zitapandana sm 2. Gundi hapo na kwenye pembe. Mfuko unasimama na kitako cha sm 13 kwa 6 na kimo cha sm 26. Kama utabeba kizito, tia kipande cha boksi ndani ya kitako.

*Kosa.* Mbawa zisipopandana vya kutosha, kitako hupasuka kwa uzito wa kwanza. Gundi ikiwa nyingi, hupenya ndani na kugandisha kuta mbili za mfuko. Ingiza kipande cha karatasi kavu ndani ya bomba wakati wa kubana. Gazeti linafaa kwa mazoezi na kwa vitu vikavu visivyoliwa. Chakula cha mafuta, bhajia au viazi, kisigusane nalo, kwa sababu wino huhamia kwenye chakula. Hilo tunalisisitiza.

*Umri na muda.* Gredi ya 2 anaweza kukunja, wa gredi ya 4 anaweza kupima pia. Mfuko wa kwanza ni nusu saa. Baada ya kumi, dakika tano bila kuhesabu kukauka.

*Hewa.* Kukunja hakusumbuliwi na unyevu, maana kaki ni ngumu, ila gundi hukawia. Wakati wa masika weka kitabu kizito juu na uache mpaka kesho. Usihifadhi mifuko sakafuni. Mende hupenda unga ulio kwenye gundi.

*Kinachobaki.* Kitu kinachotumika siku hiyohiyo. Kwa mtoto anayeuliza "cha nini hiki?" kila akifundishwa jambo, hili lina uzito.

Chagua kwa hali yako

Ikiwa ni mtoto mmoja mtulivu, anayeweza kukaa darasani mwa chuo bila kugeuka nyuma, mpe karatasi moja. Wiki ya kwanza iwe ya vikombe na chombo cha karatasi cha kuelea kwenye beseni, ya pili korongo. Usimhesabie waliobomoka, ampange aliyekunjwa leo karibu na wa jana, aone shingo inavyonyooka.

Ikiwa nyumba imejaa binamu waliokuja likizo kutoka Mombasa au Malindi, vipande ndivyo. Mkubwa akate miraba, wa kati wakunje, mdogo apange rangi. Anzeni na mchemraba wa karatasi moja siku ya kwanza, hata kama mnatamani mpira mkubwa, maana hapo ndipo mtagundua nani anakunja kwa mkono mwingine, na ni afadhali kuligundua kwenye 6 kuliko kwenye 30.

Mtoto aliyekwisha kushindwa na korongo akakasirika, asirudishwe kwake moja kwa moja. Mpitishe kwenye vipande. Kubana mkunjo na kulinganisha kingo ni ujuzi uleule, na akimaliza vipande 12 atarudi kwa korongo na mkono mwingine kabisa.

Mwenye mikono ya nguvu isiyopenda vitu vidogo, au anayetaka kusaidia dukani, aende kwenye mifuko. Kama nyumbani kuna anayeuza ubuyu au karanga, pima kwanza kipimo anachouza ndipo ukate kaki, kwa sababu mfuko mkubwa huonyesha bidhaa kidogo na mdogo hukataa kufungika mdomo.

Kama likizo ni ya Aprili na nyumba iko karibu na maji, mifuko na mchemraba ndivyo vitakavyokupa taabu ndogo zaidi. Makorongo na mpira wa 30 viachiwe Desemba, kaskazi ikishakausha hewa. Na kama una rimu nusu tu na watoto wanne, kata A4 moja miraba 6 kwa ajili ya vipande, nyingine mraba wa sm 21 kwa kikombe, na umwache kila mtoto ashike zote mbili mchana mmoja. Jioni utaona mwenyewe karatasi ipi imebaki mkononi mwa nani.